Majibu Niliyomfundisha Mwanakheri

Mombasa, Alhamisi baada ya alasiri

Swafiya mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili unapiga pasi, na nakusikia unavyogombana na lile buibui jipya. Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, pale stendi, mbele za watu. Nitalia na wewe utaona haya, hilo tumekwisha kubaliana. Haya ninayoyaandika hapa ni yale ambayo mdomo wangu umeyashindwa tangu siku uliyozaliwa.

Mambo ya soksi, dawa ya kifua na namba ya simu ya binamu wa babako huko Nairobi sitayagusa. Babako amelikagua begi lako mara tatu tangu asubuhi, na kila akifunga zipu hujifanya alikuwa anatafuta miwani. Mwache. Mtu wa Kiunga hajui kusema roho inamuuma, anajua kukaza kamba.

Mimi nataka kuzungumza juu ya kimya changu cha Jumapili.

Siku ile ulikuja jikoni ukanieleza kazi uliyoipata. Nikakuuliza wanachimba nini huko, maana karatasi yako ilisema uchimbaji wa data na mimi nilidhani ni mambo ya kokoto. Ukacheka mpaka ukakaa kwenye gunia la unga. Kisha ukanieleza vizuri, na nilikuelewa kuliko unavyofikiri. Ulisema data ni habari yoyote iliyowekwa mahali: nani kanunua nini, nani kaugua lini, nani kajibu vipi. Moja moja hazisemi kitu. Ukizikusanya kwa maelfu na kuzipanga, kunaanza kuonekana jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyeliandika. Jambo lile ukaliita ruwaza. Kulitafuta ndiko kuchimba.

Nikakwambia, basi mimi nachimba tangu wewe hujazaliwa. Mvua ikinyesha alfajiri, mahamri yangu huisha kabla ya saa mbili, kwa kuwa hakuna anayetaka kuwasha jiko lake. Shule zikifungwa, mbaazi husalia sufuriani. Hakuna mteja aliyeniambia hayo. Nimeyaona mwenyewe kwa kuwatazama wote pamoja. Ukapiga makofi, ukasema, "Hiyo ndiyo, mama! Ila yangu inafanywa na kompyuta." Ukanieleza namna hospitali zinavyojua ugonjwa umeanzia mtaa gani, na benki zinavyoshtuka kadi ya mtu ikitumika mahali asipokwenda. Nilikuwa nakutazama unavyosema kwa mikono miwili, unga umekujaa magotini, nikajisikia mwanamke mwenye bahati.

Halafu ukaniambia kazi yako yenyewe. Kwamba ofisi yenu imepewa maelezo ya watu wanaoomba hifadhi, mahojiano juu ya mahojiano, na wewe utaandika programu ya kuyasoma yote na kutoa nje yale yanayofanana kupita kiasi.

"Kwani yakifanana kuna nini?" nikakuuliza.

"Mama, yakifanana mno yamekaririwa. Na anayekariri ana cha kuficha."

Nilikuwa na hamri kwenye mafuta. Likaungua nikilitazama. Ukafikiri nimekasirika kwa sababu unakwenda mbali, ukanikumbatia kwa nyuma, nami nikakuacha ufikiri hivyo. Sikuwa nimekasirika, mwanangu. Nilikuwa nimeogopa. Mimi mamako ndiye niliyeyaandika majibu yaliyofanana.

Nianzie mbali kidogo. Unajua kwamba mimi na mama mkubwa wako Mwanakheri tulizaliwa kisiwani Kudhaa, upande wa Somalia, yeye mkubwa, mimi mdogo. Usichokijua ni kwamba tulilelewa mbalimbali. Nilipotimu miaka saba ami yetu alinichukua Kismayu nikasome. Huko nikajifunza Kisomali cha kuandika, na hesabu, na ramani. Mwalimu wetu alikuwa na ramani ya pwani nzima ukutani, na mimi ndiye niliyekuwa nikipewa fimbo nivitaje visiwa kwa kuvipanga, Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, hadi kuteremka Ras Kamboni. Nilikuwa navitaja kwa kuimba. Vingi sikuwahi kuvikanyaga.

Mwanakheri hakutoka Kudhaa mpaka vita vilipomtoa. Alijua kisiwa kimoja, lakini alikijua hasa. Alijua kisima kipi huanza kuwa chumvi mwezi gani. Alijua kila ndoa iliyofungwa pale, nani alipika na nani alinuna. Na alijua kaburi la mwanawe wa kwanza, Shee, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka mitatu. Hilo kaburi alikuwa akilizungumzia kama watu wanavyozungumza habari ya jirani. Leo nimempitia Shee. Leo nimemng'olea magugu Shee.

Vita vilipofika Kismayu, watu wenye bunduki walibadilika kama zamu ya hospitali. Kundi hili likitoka linaingia jingine, na kila lililoingia lilijua njia ya kwetu. Sisi hatukuwa na ukoo wenye silaha wa kututetea. Walitaka injini za mashua, nyavu, dhahabu za wanawake. Nilikimbilia Kudhaa nikidhani kisiwa kitatuficha, wakatufuata hata huko. Mume wa Mwanakheri waliondoka naye aendeshe injini waliyomnyang'anya, na hakurudi. Sitaongeza neno juu ya siku hiyo. Tukapanda mashua, mimi, Mwanakheri na mwanawe Athumani, tukateremka hadi Kiunga, kisha Mombasa, tukaingizwa kambini.

Kambi ilikuwa safu za mahema kwenye mchanga mweupe unaoumiza macho. Mimi, kwa kuwa nilijua kuandika, nilipewa kazi ya kumwandikia muuguzi majina ya wagonjwa na namba za mahema yao. Kazi ya kuchosha, hakuna asiyehara. Siku moja nilikuwa nayaandika upya majina, karatasi ya kwanza ilikuwa imelowa, nikaona namba zinajirudia. Watoto wote waliozidiwa walitoka safu tatu tu, na safu zile tatu zilikuwa zikiteka maji kwenye tangi moja. Nikampelekea muuguzi. Tangi likafunguliwa, likakutwa na uoza ambao sitakuandikia usije ukashindwa kula njiani. Lilisafishwa, na watoto wakapona.

Basi, mwanangu, nilivimba kichwa. Kambi nzima ikaniita Bi Daftari, na mimi nikaipenda ile sauti. Nikaamini kwamba nikiandika kila kitu na kukitazama vya kutosha, hakuna mlango utakaonifunga. Nakwambia hivi kwa sababu nimekuona wewe ukipiga makofi jikoni, na nimeyajua makofi hayo.

Mlango mkubwa wakati huo ulikuwa ni mahojiano. Athumani alikwisha tangulia Ulaya na ami yake, na huko aliambiwa anaweza kumwita mama yake, mradi mama yake athibitishe kwamba ni Mbajuni wa visiwa vya Somalia. Maana walikuwapo pia Wabajuni wa upande huu wa mpaka, ndugu zetu hasa, lugha moja na chakula kimoja, na baadhi yao walijitia kuwa wametoka kwetu ili wapate safari. Uongo ulikuwapo, sikatai. Waliohoji walikuwa na haki ya kuchuja.

Mimi nikakaa nje ya ofisi ya mahojiano kila siku na daftari. Kila aliyetoka nilimwuliza, wamekuuliza nini, ukajibu nini, wakatikisa kichwa au wakaandika? Nikayapanga. Baada ya wiki kadhaa nikawa najua kitakachoulizwa kuliko wao wenyewe. Visiwa kwa mpangilio. Mnakunywa maji gani. Harusi yenu inakuwaje. Kutoka kwenu hadi Kismayu ni muda gani. Mnazungumzaje Kisomali. Yale yaliyokuwa yakijirudia niliyapigia mstari. Yaliyojitokeza mara moja tu niliyaacha. Ndiyo kazi yako, Swafiya, ila mimi nilikuwa na kalamu ya wino uliokuwa ukivuja.

Kisha nikafanya ambalo hakuna aliyenituma. Nikaandika majibu. Nikachukua jibu zuri la huyu na jibu zuri la yule, nikayaunganisha, nikayapaka maneno yangu ya shule. Kwenye swali la maji niliandika, "Twanywa ya kisima, na kiangazi kikizidi maji huonja chumvi kama machozi." Niliipenda sana sentensi ile. Nikawasomea watu, wakaikariri. Wazee kwa vijana, wa Koyama kwa wa Chula, wote maji yao yakawa yanaonja kama machozi.

Uniamini, sikumfundisha mtu uongo. Kila nililoandika lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililonichelewesha kuliona kosa.

Mwanakheri alikuwa mwanafunzi mbovu. Nilimketisha hemani siku nne mfululizo. Nikamwuliza, "Kutoka kwenu hadi Kismayu ni muda gani?"

Akasema, "Yategemea nani ameshika usukani. Akishika Bwana Ali, jua halijachwa umefika. Akishika nduye, chukua na blanketi."

"Sema siku moja kwa upepo mzuri."

"Mimi sijawahi kwenda, nitajuaje?"

"Sema tu, Mwanakheri!"

Nikamwuliza visiwa. Akanitajia Kudhaa, akaishia hapo. Nikamwambia ataje vingine. Akasema vingine ana habari navyo kwa wachu, ndivyo asemavyo watu, waliooa kutoka huko, lakini kipi kiko juu na kipi kiko chini hajui, na mwanamke wa kwao hakuwa na haja ya kujua. Nikamfundisha kwa wimbo wa shule. Mwanamke mwenye mvi, nikamwimbisha kama mtoto wa darasa la kwanza.

Na kila nilipomwuliza juu ya Kudhaa yenyewe, yeye alirudi kwa Shee. Ukimwuliza msikiti, atakwambia msikiti uko upande huu wa kaburi la Shee. Ukimwuliza kisima, atakwambia ukitoka kisimani ukahesabu hatua arubaini unafika kwa Shee, na kuna jiwe la matumbawe alilolichukua mwenyewe ufukweni, lina tundu, na mvua ikinyesha ndege hunywa humo. Nikamkatiza. Nilikuwa nimechoka, na daftari langu lilikuwa mapajani, na daftari halikuwa na kaburi.

Nikamwambia, "Mwanakheri, hayo hayaulizwi. Nimewauliza wote waliotoka mle. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa juu ya kaburi. Acha habari za Shee."

Akanitazama. Akasema, "Haya, nduyangu." Toka hapo hakulitaja tena jina la Shee mbele yangu.

Alipokwenda kuhojiwa alijibu yote, bila kukosea hata moja. Alitoka ananiambia amevitaja visiwa kwa mpigo, na alipoulizwa mwisho kama ana la kuongeza alisema hapana, ahsanteni, kama nilivyomfundisha. Nilimpikia pilau. Kambini, pilau!

Mwezi uliofuata nikaitwa mimi. Sikuhojiwa. Mwanamke wa ofisi ile, ndiye aliyekuwa akihoji, alikuwa ametandika karatasi meza nzima, na kila karatasi ilikuwa na mstari uliopakwa rangi ya manjano. Mkalimani akanisomea. Maji huonja chumvi kama machozi. Akachukua nyingine. Maji huonja chumvi kama machozi. Nyingine. Alisoma bila kupandisha sauti, na mimi nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tena, kama mtu aliyeingia kwenye harusi akakuta wanawake wote wamevaa kanga yake aliyoivulia bafuni.

"Huyu naye," akasema mkalimani, "anasema ametoka Kudhaa." Alishika karatasi ya Mwanakheri. "Majibu yote sahihi. Mama wa kisiwani asiyesoma, anavitaja visiwa vyote kwa mpangilio wa ramani. Anasema hana la kuongeza. Bibi anasema huyu amefundishwa. Si wa huko."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilipaswa kusema, amefundishwa na mimi, na ni wa huko kuliko nyote na ramani zenu. Nikatazama chini. Niliogopa watanifuta na mimi kwenye orodha ya safari. Na walinifuta vilevile, kwa hiyo hata uoga wangu haukunilipa. Hili la kutazama chini ndilo linaloniamsha mpaka leo. La daftari ningeweza kujisamehe, nilitaka kuwasaidia watu. La kutazama chini hapana.

Unajua nani alipita? Mzee Kombo wa Ras Kamboni, aliyelikataa daftari langu akisema kwao hakufundishwa na mwanamke na hataanza uzeeni. Aliingia mle akasema sijui mara sita, akamgombeza mkalimani juu ya jina la samaki, akataka kumchorea mtego wa samaki kwenye karatasi ya serikali. Wakamwamini palepale. Tulimcheka sana siku aliyoingia, na siku aliyoondoka hakuna aliyecheka.

Mwanakheri naye alikuwa na sijui zake. Zilikuwa za kweli, na zilikuwa ushahidi wake mkubwa, kwa sababu mwanamke wa Kudhaa wa rika lake hawezi kuijua ramani. Nilimnyang'anya sijui zake nikampa ujuzi wangu, na ujuzi wangu mwilini mwake ulionekana wa kuiba.

Kambi ilipofungwa mimi nilikuwa nimekwisha olewa na babako nikabaki. Nilimsihi Mwanakheri abaki nasi. Akasema kama hafiki kwa mwanawe aliye hai, atarudi kwa yule aliyelala. Akarudi Kudhaa, vita bado vinanuka. Athumani leo ni mtu mzima, ana watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuushika mkono wa bibi yake. Humwona kwenye simu mtandao unapokubali. Macho ya Mwanakheri sasa yana utando, kwa hiyo wao wanamwona, yeye anasikia sauti tu.

Na mimi sikuwahi kumwambia kwa nini alikataliwa. Alidhani hakujibu vizuri. Miaka yote hii, Swafiya, kila tukizungumza kwa simu huniambia, "Laiti ningekuwa na kichwa kama chako." Nami nikanyamaza. Hilo ndilo lililokuwa nyuma ya kimya changu cha Jumapili.

Sikwambii uiache kazi. Nilifikiria kukwambia, nakiri, Jumatatu nzima nilikuwa natafuta namna. Lakini nimekumbuka lile tangi la maji. Kuna watoto waliopona kwa sababu mtu mmoja aliyaona majina yote kwa pamoja. Kazi yako ina heri ndani yake, na wewe ukiiacha atakaa kitini mwingine ambaye mama yake hakuwahi kuketi upande wa pili wa meza.

Ila nilichokiona mimi nikuachie. Siku programu yako itakapokutolea majibu mia yanayofanana, itakuwa imekuonyesha kwamba mahali fulani kuna daftari. Hapo itakuwa imesema kweli. Haitakuwa imekwambia walioshika daftari ni waongo, wala kwa nini walilihitaji. Hilo litakutaka uinuke kitini ukaulize. Mtu mkweli aliyeogopa hukariri pia. Tena mkweli ndiye hukariri kwa bidii, maana mwongo amezoea kusema na watu wakamwamini.

Na lile kosa langu jingine lichunge zaidi, kwa sababu ni kosa la watu wenye akili. Mimi nilihesabu kinachojirudia nikadhani ndicho kizito. Kaburi la Shee lilijitokeza mara moja tu katika kambi nzima, kwa hiyo nikalifuta.

Jana ulipokwenda kuwaaga majirani nilimpigia Mwanakheri. Nilimwambia yote, tangu daftari hadi macho yangu chini. Mtandao ulikuwa mzuri, kwa bahati mbaya, nikasikia kila pumzi yake. Nilidhani atakata.

Akasema, "Daftari lako mimi sikulikasirikia. Hata kukataliwa sikukukasirikia. Nilikukasirikia siku uliyonambia niache habari za Shee."

Nililia mpaka yeye ndiye aliyeanza kunibembeleza, kama zamani nilipoletwa likizo kutoka Kismayu nikalilia chakula cha shule. Kisha nikamwambia kwamba mwanangu Swafiya, yule ambaye huisikia sauti yake kwenye simu, ndiye sasa anakwenda kukaa kwenye meza ile, na atasoma maneno ya wachu kuliko walivyosoma wale wote. Nikamwuliza ana neno la kumpa.

Nikasikia kuku kwa mbali, na mtu akitwanga.

"Mwambie asiulize visiwa," akasema. "Visiwa mchu hufundishwa. Amwulize mchu amemzika nani, na akitoka kisimani hufikaje kaburini."

Nimelitia daftari lile ndani ya begi lako, chini kabisa, ndani ya kanga ya samawati, babako hajaliona hata kwa ukaguzi wake wote. Kurasa zake zimekuwa njano na wino umevuja kama kawaida yake. Majibu yote yamo, pamoja na yale machozi yangu ya kujisifu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu. Jana, nikiwa bado na simu sikioni, nilimwomba Mwanakheri anisomeshe, naye akasema polepole, nami nikaandika kama alivyosema, bila kurekebisha neno: hatua arubaini kutoka kisimani, upande wa msikiti, jiwe la matumbawe lenye tundu, ndege hunywa humo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akufungulie kila mlango nilioufunga.

Mama